Wananiita Bata

Dereva wa basi la alfajiri
alinirudishia chenji akasema: ahsante, dak.
Niligeuka nyuma.
Nyuma yangu palikuwa na mvua tu
na mlango uliokuwa ukijifunga.

Kamusi niliyotoka nayo Korogwe,
kurasa zimeshikizwa kwa gundi ya viatu,
ilikuwa na jibu moja: bata.
Nikakaa kiti cha nyuma kabisa nikijikagua.
Labda ni mwendo wangu. Nilikuwa nimevaa buti za kuazima,
namba mbili zaidi.

Hapa Longton wanatengeneza vikombe.
Yaani walitengeneza; siku hizi kiwanda kimoja huku, kingine kule,
na matanuri marefu yenye umbo la chupa
yaliyopoa zamani, njiwa wameyarithi.
Bi Beryl Colclough, anayebandika mikono ya vikombe
tangu ana miaka kumi na sita,
aliniita dak kabla hajaniuliza jina.
Alipouliza, nikamwambia Mhina.
Akalizungusha mdomoni kama kiazi cha moto,
akalitema taratibu.
Sawa, dak, akasema, leta hilo beseni.

Sasa sikiliza Jumatano ya wiki ya pili.
Trevor yuko juu ya ngazi, ubao wa visahani begani.
Mara anapiga kelele: Dak!
Nami, mtoto niliyefunzwa kuitika nikiitwa,
nikanyanyua uso,
nikasema: Naam?

Ubao ukanipata hapa. Pashike, kovu bado lipo.
Kumbe neno lilelile, ukitupiwa badala ya kupewa,
maana yake ni inama.
Hakuna aliyenionya
kwamba bata wa watu hawa ni kitenzi.

Nesi aliyenishona nyuzi nne alisema:
tulia, dak, karibu tunamaliza.
Sikujua nitulie au niiname.

Usiku huohuo mdogo wangu Kiluwa
akanitumia ubeti kwenye simu:

*Kaka kula bata huko, sisi huku ni mchicha,*
*Twaliona koti lako, limejaa kwenye picha,*
*Usisahau wenzako, hata shingo ukiacha,*
*Mla bata peke yako, kesho usije kuchacha.*

Niliusoma na bandeji kichwani,
nikitafuna mkate wa shayiri wa juzi.
Koti lenyewe ni la kiwanda, hurudishwa Ijumaa.
Nilianza kumjibu, nikafuta, nikaanza tena.
Utamwelezaje mtu
kwamba bata huliwa huko kwenu,
huku ndiye mimi?

Kiangazi kilikuja, kikakaa siku tisa.
Wakanipeleka uwanjani kucheza kriketi, wakanivika pedi.
Mpira wa kwanza tu, vijiti vyangu vikaruka.
Trevor akachora sifuri kando ya jina langu,
au kando ya herufi alizodhani ni jina langu,
na benchi zima likashangilia: dak! dak!
Ni yai lake, Beryl akanifafanulia huku akinimiminia chai,
sifuri ina umbo la yai la bata.
Nikayahesabu ya siku ile:
nimepata bata, sina kitu,
na nimecheka mpaka nyuzi zilizokwisha kutolewa zikauma.

Jioni nilirudi kwa njia ya mfereji.
Walikuwepo wenyewe, saba, shingo za kijani,
wakiyapanda maji yenye mafuta bila kulowa.
Nikawaambia shikamooni.
Hawakuitika. Labda wao wanaitwa jina jingine.

Jumapili mama akapiga simu.
Eti wanakuitaje huko?
Nikasema: Bata.
Kimya. Nilisikia kuku wake, nikasikia redio ya jirani,
nikasikia salio likiteketea.
Na wewe unaitika?
Naitika, mama. Ila nainama kwanza.

Akashusha pumzi.
Alhamdulillahi, akasema,
adabu hujaisahau.